Ndiyo, Ndiyo kwa Masharti, Bado, au Hapana: Ridhaa ya Mzazi Kabla Mtoto Hajaanza Dawa za Akili

Daktari ameshasema. Mtoto ana ADHD, yaani hali ya kushindwa kutulia na kukaza fikira. Au ana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Au usonji wake (autism) umefika mahali anajigonga kichwa ukutani. Kuna dawa anayoipendekeza. Karatasi iko mezani, foleni nje ni ndefu, na mzazi alivuka feri kutoka Likoni tangu alfajiri. Wengi hapo hutia sahihi kwa kuwa wamepewa kalamu. Wengine huitikia kwa kichwa, huchukua dawa, kisha huziweka kabatini zikae.

Majibu yanayowezekana ni manne, na kila moja lina mahali pake: ndiyo ya leo hii, ndiyo kwa masharti na kwa muda, bado, na hapana. Tunayaweka hapa ubavu kwa ubavu. Msimamo wetu tunausema mapema: kwa watoto walio wengi jibu la pili ndilo bora, kwa sababu hakuna anayeweza kujua kama dawa ya akili itamfaa mtoto huyu mpaka ajaribishwe, na jaribio lisilo na tarehe wala kipimo huendelea miaka bila mtu kuliamua. Lakini kuna hali ambazo jibu hilo la pili ni kosa, na hizo pia tutazitaja.

Kabla ya jibu lolote

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inamtaka mhudumu wa afya amweleze mgonjwa, au mlezi iwapo mgonjwa ni mtoto, mambo manne: hali ya afya yake, vipimo na njia za matibabu zilizopo, faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia, na haki ya kukataa, pamoja na yatakayofuata akikataa. Maelezo yatolewe kwa lugha anayoielewa na kwa kadiri ya kisomo chake. Kwa hiyo mama anayesema, "Daktari, hapo nimepotea, nirudie kwa Kiswahili," haombi hisani.

Swali moja husahauliwa kuliko yote: dawa hii imeidhinishwa kwa umri huu na kwa ugonjwa huu, ama inatumika nje ya idhini? Dawa nyingi za akili wanazopewa watoto hutumika nje ya idhini, kwa kuwa utafiti mwingi ulifanywa kwa watu wazima. Hilo si kosa la daktari, na mara nyingine ndiyo njia pekee iliyopo. Ila mzazi aambiwe, kwa sababu ushahidi unapokuwa mwembamba, ufuatiliaji huwa mzito zaidi.

Nani anajibu? Mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na Katiba ya 2010, ibara ya 53, inawapa mama na baba wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Tatizo la mji huu wa Mombasa ni kwamba mama yuko Saudia, baba yuko melini, na mtoto analelewa na nyanya Kisauni. Nyanya ndiye anayemjua mtoto, na aje naye kliniki bila wasiwasi. Lakini kwa dawa ya muda mrefu mzazi atafutwe: apigiwe simu ya video mbele ya daktari, atume ujumbe wa maandishi na nakala ya kitambulisho, na jina lake, tarehe na saa viandikwe kwenye faili. Mzazi asiyepatikana kabisa, nyanya aende ofisi ya watoto mapema aelekezwe jinsi ya kupata mamlaka ya ulezi, asingoje siku ya dharura.

Barua ya shule si ridhaa. Mwalimu wa darasa ni shahidi mzuri wa yanayotokea kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa, na tutamhitaji baadaye, lakini uamuzi wa dawa si wake. Na mtoto mwenyewe asirukwe. Sheria ya Watoto ya 2022 inampa nafasi ya kusikizwa kwa mambo yanayomhusu. Tukiacha sheria, mtoto wa miaka 12 aliyedanganywa kwamba ni vitamini atagundua, na siku hiyo ataanza kuvitema.

Ndiyo ya leo hii

Jibu hili ni la mtoto anayesikia sauti zisizokuwepo, kijana ambaye hajalala siku tatu na bado anazunguka akisema ametumwa kuokoa dunia, au mtoto anayesema wazi anataka kufa. Hapa kusubiri kuna bei kubwa kuliko dawa. Sheria ya Afya yenyewe inaruhusu matibabu bila ridhaa pale ambapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika. Mpelekeni Hospitali Kuu ya Pwani, ama Port Reitz penye wodi ya magonjwa ya akili, na maswali mengine yafuate baadaye.

Wazazi wengine huficha mtoto aliyejaribu kujidhuru wakiogopa polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinapingana na Katiba. Hofu hiyo isiwachelewesheni.

Kinachoharibika kwenye ndiyo ya dharura ni kimoja hasa. Mtoto hupewa haloperidoli, mara nyingi kwa sindano. Siku mbili tatu baadaye, akiwa nyumbani, shingo inapinda upande, macho yanapanda juu, taya na ulimi vinakaza. Wavulana na vijana ndio wanaopatwa zaidi. Anayetazama akiwa hajaambiwa atasema mashetani yamepanda, au dawa imemharibu mtoto, na hospitalini harudi tena. Kumbe ni misuli tu imekazwa na dawa. Mtoto arudishwe mara moja, apewe benzheksoli au dawa nyingine ya kulegeza, na kwa kawaida huachia upesi. Sentensi moja wakati wa ridhaa ingetosha kuzuia fujo yote hiyo. Mwombeni daktari aiseme.

Ndiyo ya dharura haifuniki miezi sita inayofuata. Siku ya kuruhusiwa kutoka wodini ulizeni: ataendelea nayo mpaka lini, na nani ataamua? Hapo ndipo linapoanza jibu la pili.

Ndiyo kwa masharti

Hapa mzazi anakubali jaribio. Masharti yanatosha nusu karatasi: lengo linalohesabika, dozi ya kuanzia na ngazi zake, tarehe ya kuamua, dalili za kusimamisha, na jina la mtu mmoja anayempa mtoto dawa. Daktari aweke nakala, nanyi mwe na nakala.

Lengo ndilo linalokosewa zaidi. "Atulie" si lengo. Lengo ni "anatoka kitini mara 15 kwa kipindi kimoja, tunataka ziwe 5 au chini", au "anajigonga kichwa mara 10 kwa siku", au "wiki hii ameenda shule siku moja kati ya tano". Hesabuni kwa wiki nzima kabla ya kidonge cha kwanza, nyumbani na shuleni. Bila hesabu hiyo, baada ya miezi miwili baba atasema amepona, mama atasema yuko vilevile, na daktari ataongeza dozi kwa kumfuata aliyezungumza kwa sauti kubwa. Mwalimu apewe karatasi ileile ya kuhesabu, na ikiwezekana asiambiwe dozi imebadilishwa lini.

Masharti hutofautiana sana kwa kila dawa. Tatu ndizo zinazokuja mara nyingi zaidi:

| | Methilifenideti | Fluoksetini | Risperidoni |
|---|---|---|---|
| Kwa hali gani | ADHD, kuanzia miaka 6 | Sonona kuanzia miaka 8. Mawazo na vitendo vya kujirudiarudia kuanzia 7 | Hasira kali na kujidhuru kwa mtoto mwenye usonji, kuanzia miaka 5 |
| Dozi ya kuanzia | Miligramu 5, mara moja au mbili kwa siku | Miligramu 10 kwa siku | Miligramu 0.25 akiwa chini ya kilo 20, 0.5 akizidi |
| Matokeo yaonekana | Ndani ya saa moja | Wiki 4 hadi 6 | Wiki chache |
| Pima kwanza | Uzito, urefu, presha, mapigo ya moyo | Mawazo ya kujidhuru, dawa nyingine anazotumia | Uzito, kiuno, presha, sukari ya kabla ya kula, mafuta ya damu |
| Tarehe ya kuamua | Wiki ya 4 | Wiki ya 8 | Wiki ya 8, kisha miezi 6 |

Umri ulio kwenye jedwali ni wa idhini za Marekani. Tarehe za kuamua ni pendekezo letu, na daktari aweza kuzisogeza kwa sababu anayoweza kuieleza.

*Methilifenideti*, ambayo wengi huijua kwa jina la Ritalin, ndiyo rahisi kuijaribu kwa haki. Inaingia haraka na kutoka haraka. Dozi huongezwa miligramu 5 hadi 10 kila wiki, isipite 60 kwa siku. Ile ya muda mfupi hukaa kama saa nne, maana yake iliyomezwa saa moja asubuhi imekwisha saa tano. Dozi ya pili inaangukia shuleni, kwa hiyo ofisi ya shule ikubali kuitunza na kuandika saa aliyopewa. Halafu kuna chuo, yaani madrasa, baada ya shule. Dozi ya tatu ili atulie mbele ya ustadhi inaweza kumnyima usingizi usiku, na mtoto asiyelala kesho yake hatulii hata kwa dawa. Chagueni saa zipi ndizo muhimu. Aina ya muda mrefu hufika saa 8 hadi 12, bei yake iko juu, na vile vya kidonge havipondwi wala kukatwa.

Hamu ya chakula hupungua. Ale kwanza ndipo ameze, na chakula kizito kiwe cha usiku dawa ikishatoka. Uzito upimwe kila miezi mitatu akiwa na miaka 10 au chini. Urefu, presha na mapigo ya moyo kila miezi sita, na presha na mapigo kila dozi inapobadilishwa. Mwambieni daktari kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana, au kama mtoto mwenyewe ameshazirai akicheza mpira. Kwa kijana, ulizeni pia habari ya muguka, majani ya jamii ya miraa, kwa upole na bila kumpeleka kizimbani. Kaunti ilitangaza kuupiga marufuku mwaka 2024, lakini hilo halisemi chochote kuhusu mtoto wako. Kiini cha muguka na miraa ni kichangamsho kama dawa hii. Viwili pamoja moyo unakimbia na usingizi unapotea. Na kwa kuwa dawa hii inadhibitiwa, si kila duka la dawa linaiweka. Hakikisheni mahali mtakapoinunua mwezi wa pili kabla ya kuanza wa kwanza.

*Fluoksetini* inahitaji mazungumzo marefu zaidi. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye dawa zote za sonona kwa watoto, baada ya kupitia tafiti 24 zenye watoto zaidi ya 4,400. Mawazo au vitendo vya kutaka kujiua vilionekana kwa watoto 4 kati ya 100 waliopewa dawa, na 2 kati ya 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hakuna aliyekufa kwa kujiua katika tafiti hizo. Nambari hizo zisemwe zote mbili pamoja. Anayetaja "hatari maradufu" peke yake anamtisha mzazi, na anayezinyamazia anamfumba macho wakati ambapo macho yake ndiyo kinga.

Kwa hiyo sharti ni hili: mwezi wa kwanza, na kila dozi inapobadilishwa, mtoto aonwe au apigiwe simu kila wiki. Kinachotazamwa ni kuhangaika kusikokuwepo awali, kukosa usingizi, hasira mpya, na maneno ya kufa. Kimoja kikitokea, simu ipigwe siku hiyohiyo. Dawa zote za nyumbani zifungiwe, za nyanya za presha pia, na mtoto apewe ya siku moja tu mkononi.

Tatizo la vitendo: kapsuli ya miligramu 20 haikatiki nusu. Ulizeni kama ipo ya maji au kidonge cha 10. Ikikosekana, daktari anaweza kuagiza kapsuli moja kila baada ya siku moja, maana dawa hii hukaa mwilini siku nyingi. Lakini aagize yeye, si mwenye duka. Na mkikuta dukani imekwisha, msikubali amitriptilini, dawa ya sonona ya kundi la zamani, kama badala. Kwa watoto wadogo dawa za kundi hilo hazijaonyesha faida ya maana kwa sonona, na zikipita dozi ni hatari kwa moyo. Kubadilishiwa dawa ni ridhaa mpya.

*Risperidoni* haitibu usonji. Haimfanyi mtoto aongee wala amtazame mtu machoni. Inapunguza hasira, kujidhuru na kupiga wengine, na kwa hilo inafanya kazi kweli: katika utafiti wa watoto 101 wenye usonji uliochapishwa mwaka 2002, 69 kati ya kila 100 waliopewa dawa walipata nafuu kubwa, dhidi ya 12 kwa wasiopewa. Bei yake ilionekana kwenye mizani. Ndani ya wiki 8 waliopewa dawa waliongezeka kwa wastani kilo 2.7, na wengine 0.8. Njaa inayokuja si ulafi wa mtoto. Soda na viazi karai vipungue tangu siku ya kwanza, kwa sababu kilo zilizoingia ni ngumu kutoa. Sukari na mafuta ya damu vipimwe tena miezi mitatu baadaye, kisha kila mwaka.

Dawa hii pia hupandisha homoni ya maziwa. Matiti ya mvulana yanaweza kuvimba, hedhi ya msichana ikakatika. Mvulana wa miaka 14 hatasema mwenyewe. Baba au mjomba amwulize, faraghani. Na angalieni kipimo cha kidonge mlichopewa. Anayetakiwa kupata miligramu 0.25 akipewa kidonge cha 2, mnaambiwa mkikate mara nane. Haiwezekani kwa kisu cha jikoni. Siku moja atapata nusu ya dozi, siku nyingine mara tatu. Dai la kidonge kidogo au dawa ya maji ni dai halali kabisa.

Bei ya mwezi mzima iulizwe kabla ya kidonge cha kwanza. Majaribio mengi huvunjika wiki ya sita kwa sababu pesa zimekwisha. Risperidoni na dawa nyingi za sonona zikikatwa ghafla hurudisha dalili kwa kishindo, na familia huamini mtoto "ameshazoea dawa".

Bado

Jibu hili ni bora kwa mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye dalili za ADHD. Hapo kinachoanza ni mafunzo kwa wazazi: amri moja fupi badala ya tano, sifa ya papo hapo, ratiba ya usingizi isiyobadilika. Shirika la Afya Duniani linashauri pia kwamba watoto wa miaka 6 hadi 12 wenye sonona wasipewe dawa za sonona katika vituo visivyo na mtaalamu. Kwa hiyo mkiwa zahanati, mkaandikiwa dawa hizo kwa mtoto wa darasa la nne, jibu ni bado, tupe rufaa.

Bado ya kweli ina kazi zake. Masikio na macho yapimwe. Damu ipimwe kama imepungua. Mtoto anayezubaa sekunde kumi akipepesa macho, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, huenda ni kifafa kisicho na kuanguka, si uzembe; apimwe kabla hajaitwa mwenye ADHD. Ulizeni kama anapigwa, ananyanyaswa njiani, au kuna anayemgusa. Mtoto wa namna hiyo akilala vibaya na kupoteza umakini, dawa hufunika jambo linalohitaji hatua nyingine kabisa.

Lakini bado si bure. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2004, vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye sonona ya wastani hadi kali walifuatiliwa wiki 12. Waliopata nafuu ni 71 kati ya 100 kwa dawa pamoja na tiba ya mazungumzo, 61 kwa fluoksetini peke yake, 43 kwa mazungumzo peke yake, na 35 kwa kidonge kisicho na dawa. Kwa kijana aliyezidiwa, kuchagua mazungumzo pekee ni kuchagua uwezekano mdogo zaidi wa nafuu ya mapema. Aliye na sonona nyepesi hesabu ni nyingine, na hapo mazungumzo yatangulie. Vivyo hivyo mtoto wa miaka 8 ambaye ADHD imemfukuzisha shule mbili: kumsubirisha mwaka mzima ni kumpotezea mwaka.

Kwa hiyo bado iandikwe tarehe, wiki 6 au 8, pamoja na hesabu ileile ya dalili. Hesabu isiposhuka, rudini mezani. Familia inayotaka kisomo na kombe, yaani maji yaliyooshewa maandishi ya Qurani, ifanye, na daktari aambiwe. Kombe halina ugomvi na kidonge. Tatizo huja pale mtoto anaponyweshwa mitishamba ambayo hakuna anayejua imewekwa nini, juu ya dawa ambayo daktari hajui kama bado anameza.

Hapana

Mzazi ana haki ya kukataa, na mhudumu ana wajibu wa kueleza matokeo bila kumfokea. Zipo hapana ambazo sisi wenyewe tungeziunga mkono. Dawa mbili mpya kuanzishwa siku moja bila dharura: hapana, kwani madhara yakitokea hatutajua yametoka kwa ipi. Dawa ya kumlaza mtoto ili darasa la watu 70 litulie: hapana. Valproeti, dawa ya kifafa inayotumika pia kutuliza hisia, kwa msichana: Shirika la Afya Duniani lilisisitiza mwaka 2023 kwamba wasichana na wanawake wanaoweza kuzaa wasianzishiwe. Akishika mimba akiitumia, takriban mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata matatizo ya kukua kwa akili. Msichana wa miaka 13 anakaribia umri huo au ameshaufikia, na mzazi aombe njia nyingine. Ila anayeitumia tayari kwa kifafa asiikate ghafla. Degedege lisilokoma linaweza kumuua.

Hapana inakuwa kosa kwa mtoto anayesikia sauti au anayetaka kufa. Hapo Katiba inaweka maslahi ya mtoto mbele, na jambo linaweza kufikishwa ofisi ya watoto au mahakamani.

Hapana ya hatari kuliko zote ni ile isiyosemwa. Mzazi anaitikia kliniki, nyumbani hampi. Mwezi ujao daktari aona hakuna mabadiliko, apandisha risperidoni kutoka 0.5 hadi 1, kisha 2. Siku moja nyanya, kwa nia njema, anampa mtoto dozi kamili iliyoandikwa kwenye pakiti. Mwili haujawahi kuionja. Mtoto anasinzia, anakakamaa, anayumba. Semeni hapana kwa mdomo, hata kwa muuguzi mlangoni kama daktari anatisha. Na kama mmekwisha kuruka siku kadhaa, msirudi kwenye dozi ya juu kabla ya kumpigia simu daktari.

Baba na mama wakitofautiana, mara nyingi mmoja yuko kwenye ndiyo na mwingine kwenye hapana kwa sababu wote wawili wanafikiri uamuzi ni wa maisha. Jaribio la wiki nne lenye hesabu na tarehe ndilo wanaloweza kukutana nalo. Waombe kikao kimoja, wote wawili mbele ya daktari.

Ramadhani, joto na lithiamu

Hili hukosekana kwenye fomu nyingi. Lithiamu, kwa kijana mwenye bipola (hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi), hufanya kazi katika nafasi nyembamba: kwa kawaida milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita kwenye damu iliyochukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Joto la Februari, kuhara, kutapika au kufunga bila maji hupandisha kiwango hicho. Ibuprofeni na diklofenaki, zinazouzwa kila duka la dawa kwa maumivu ya kichwa au ya hedhi, nazo hupandisha. Mikono ikitetemeka sana, akiyumba, maneno yakawa ya kilevi, ni hospitali siku hiyo. Familia isiyoweza kurudi kupima damu ichague dawa nyingine tangu mwanzo.

Kwa dawa nyingine, ratiba ya Ramadhani ipangwe wiki mbili kabla. Methilifenideti fupi iliyomezwa wakati wa daku imekwisha kabla ya kipindi cha pili. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na mtoto asiyebaleghe halazimiki. Kijana anayetaka kufunga azungumze na daktari na sheikh, akijua dozi zake ni ngapi.

Ridhaa huondolewa wakati wowote, hata baada ya sahihi. Kinachotakiwa ni simu kabla ya kuacha, ili dawa inayohitaji kushushwa kwa ngazi ishushwe. Ile nusu karatasi ya masharti ipigeni picha, mtumie aliye Saudia na mwalimu anayeshika dozi ya mchana, na nyingine ibandikwe ndani ya mlango wa kabati lenye kufuli.